Jua Halizami Mtukufu Akiwa Hewani

Ipo nchi moja. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana waliokaa kuichora waligombana katikati, na waliokuwa upande wa mashariki wakaondoka na kalamu zao. Ila watu wapo, mbuzi wapo, na serikali ndiyo usiseme, ipo mpaka chini ya kitanda.

Katika nchi hiyo kuna kilima, juu ya kilima kuna mlingoti wa redio, chini ya mlingoti kuna kibanda cha mtambo, na ndani ya kibanda alikuwa anakaa Bwana Vuai Kombo, mkono wake umeshika mpini wa chuma. Alianza kuushika ndevu zake zikiwa nyeusi. Sasa zilikuwa nyeupe, na mpini wenyewe ulikuwa umelika mahali pa vidole vyake, kama ngazi ya msikiti wa zamani.

Redio yenyewe si ya hizi za siku hizi, ukivuka barabara inakwaruza. Ile ilikuwa ya mawimbi ya kati, mtambo mkubwa kama ghala la karafuu. Na mawimbi ya kati, bwana wee, yana tabia ya mume mwenye nyumba mbili. Mchana yanatambaa chini chini, yametulia, hayatoki nchini. Jua likizama tu hayakai. Yanaruka juu, yanagonga mbingu, yanakwenda kuangukia kwa jirani.

Sasa fikiria uko kwa jirani, umejilaza barazani unasikiliza taarabu, mwimbaji anavuta “mpenziiii,” mara katikati ya mpenzi anaingia Rais wa watu anakueleza habari za mbolea. Jirani wakavumilia, wakachoka, wakaja kulalamika. Ukafungwa mkataba: kila jua likizama, mtambo upunguzwe nguvu usiwafikie. Saini zikatiwa, biriani likaliwa, picha zikapigwa.

Tatizo likabaki moja tu. Rais wa nchi ile, ambaye kwa sheria haitwi Rais bali anaitwa Mtukufu, alikuwa na hotuba kila jioni. Kuanza anaanza jua likiwa bado lipo, lakini kumaliza ni majaliwa. Nani basi amteremshe Mtukufu katikati ya sentensi? Kila mtu akamtazama mwenzake viatu.

Ndipo akasimama Mheshimiwa Daktari Injinia Bakili Mtondoo, Waziri wa Sauti, Machweo na Mambo Yanayofanana na Hayo. Akakohoa kikohozi cha serikali.

“Ndugu zangu,” akasema, “mkataba unasema jua likizama. Haukusema lizame lini. Hilo ni suala la ndani ya nchi.”

Makofi yalipigwa mpaka mtu mmoja akateguka kiganja. Sheria ikapita siku ileile: jua la nchi hii litazama pale Mtukufu atakapomaliza kusema. Kabla ya hapo ni mchana.

Na mchana ukawa mchana kweli. Kabla king'ora cha redio cha kutangaza usiku hakijalia, ruhusa ya kuwasha taa hakuna, maana ukiwasha taa unamaanisha nini? Kuzima redio hakuna. Kula chakula cha usiku hakuna, chakula cha usiku kinaliwaje mchana? Watu wakawa wanapishana barabarani kwenye giza totoro.

“Hee! Huoni unapokwenda?”

“Naona vizuri sana ndugu yangu, si mchana huu?”

“Basi samahani, na mimi nakuona.”

“Unaniona nani?”

“Wewe si… mtu?”

Jamaa mmoja aliwasha kiberiti kutafuta kandambili yake, akashitakiwa kwa kuhujumu mchana. Kuku wa mama mmoja walikamatwa wamepanda kulala kabla ya saa za kazi kwisha, na jogoo, kwa kuwa ndiye kiongozi, hakurudi.

Jioni nzima, basi, Vuai anakaa kilimani na mpini wake, anangoja simu ya Wizara. Simu inalia. Sauti inasema neno moja: “Amemaliza.” Vuai anavuta mpini, nguvu inashuka, king'ora kinalia nchi nzima, na ghafla ni usiku. Taa zinawaka, redio zinazimwa mtaa mzima, kata, kata, kata, masufuria yanafunuliwa. Watu wote wanakula isipokuwa mmoja. Yule anapanda baiskeli yake anaanza kuteremka kilima.

*

Nyumbani Vuai alikuwa na mke, Riziki, mwanamke mrefu, mpishi hasa, mwenye ulimi uliotiwa ndimu. Binti yao Jokha alishaolewa mbali, kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili, na hao wawili hawakukutana.

Vuai akifika anamkuta Riziki kalala. Chakula kipo mkekani kimefunikwa kawa. Anafunua, ugali umeshaota ngozi, mchuzi umeganda juu kama dimbwi lenye mafuta ya taa. Anakula peke yake, anasikiliza panya.

Jioni moja alipofika alimkuta kakaa, kakunja mikono.

“Mama Jokha, hujalala?”

“Nimekaa na mume wangu.”

Vuai akatazama huku na huku. “Mume gani?”

Riziki akaonyesha kidole kwenye kawa. “Huyu hapa. Ndiye ninayekaa naye kila siku. Mpole, hapigi kelele, na hana kazi kilimani. Mimi niliolewa na wewe, Baba Jokha, lakini nimeishi na kawa.”

“Kazi ya taifa, mke wangu.”

“Taifa limekula! Mtaa mzima umekula, mpaka paka wa Mzee Fumu anajilamba masharubu. Sikiliza. Sitaki kanga, sitaki bangili. Nataka ukae hapa mkekani, nifunue chungu mvuke ukupige usoni, uunguze ulimi, useme ‘aah, moto.’ Mwezi mwingine ukiandama sijakuona unaunguza ulimi, nakwenda kwa kaka yangu na kawa langu nachukua.”

Vuai alimjua mkewe. Riziki akisema anakwenda, ujue tayari ameshafunga mzigo, kilichobaki ni fundo la mwisho. Vuai hakulala. Alijiuliza nani atashika ule mpini. Msaidizi hakuna, maana kazi ya kumteremsha Mtukufu ilihitaji kiapo, na wote walioombwa kuapa waliugua tumbo.

*

Mungu si Vuai Kombo. Wiki ileile jirani walileta zawadi.

Wao walikuwa wameshachoka kabisa. Mkataba walikuwa nao, lakini jua la kwao lilikuwa linazama mapema na la kwetu linachelewa, na Mtukufu aliendelea kuwaingilia taarabu. Wakaona wenzao hawa labda hawana vifaa. Wakaleta kisanduku cha chuma chenye saa ndani na majira ya machweo ya mwaka mzima. Unakifunga kwenye mtambo, basi. Jua likizama kinashusha nguvu chenyewe, jua likichomoza kinapandisha chenyewe. Mtu unakwenda zako nyumbani.

Vuai alipokiona alitaka kukibusu. Waziri Mtondoo alipokiona alirudi nyuma hatua.

“Mashine hii inamtii nani?” akauliza.

“Saa, Mheshimiwa. Na jua.”

“Jua!” Waziri akawageukia wajumbe wa kamati, maana kamati ilikuwa imeshaundwa kabla kisanduku hakijatolewa kwenye boksi. “Jua limechaguliwa na nani? Limeapishwa wapi? Tangu tupate uhuru, jua limehudhuria mkutano gani wa hadhara ambao halikuwachoma wananchi?”

Wajumbe wakatikisa vichwa. Kweli, jua lilikuwa na rekodi mbaya.

“Mheshimiwa,” Vuai akasema taratibu, “tunaweza kulitoa jua. Tuweke sikio.”

“Sikio la nani?”

“La mashine. Isikilize sauti ya Mtukufu. Akiwa anasema, haigusi kitu. Akinyamaza, inajua amemaliza, inashusha nguvu na kupiga king'ora. Jua halihusiki hata kidogo.”

Hapo Waziri akatabasamu, meno ya dhahabu yakachungulia. Mashine inayomsikiliza Mtukufu bila kuchoka wala kusinzia! Wizara nzima haikuwa na mfanyakazi wa aina hiyo.

“Ila kuna kimoja,” akasema Vuai. “Lazima niiambie akinyamaza kwa muda gani ndiyo ihesabu amemaliza.”

Mjumbe mmoja kijana, mgeni wa kamati, akajisahau.

“Labda akinyamaza kama—”

“Mtukufu hanyamazi!” Waziri akamkata. “Mtukufu anatafakari.”

“Basi akitafakari kama—”

“Na kutafakari kwake hakuna kikomo! Unataka kumwekea kikomo Mtukufu, wewe mtoto wa nani?”

Yule kijana akaugua tumbo palepale, akatolewa nje. Kikao kikaendelea mpaka chai ya pili, na hakuna aliyethubutu kusema Mtukufu anaweza kunyamaza kiasi gani. Mwisho wakakubaliana kwamba jambo hilo ni la kiufundi. Katika nchi ile jambo la kiufundi maana yake ni jambo litakalomwangukia fundi.

Vuai akawaza. Alikuwa amesikiliza kila hotuba tangu zamani, na Mtukufu alikuwa mtu wa kumwaga maneno kama bomba lililopasuka. Kikomo chake cha kunyamaza ni kunywa glasi ya maji, na maji yenyewe anayanywa kwa haraka kama anayeogopa kuporwa zamu. Vuai akachukua glasi, akainywa polepole. Akanywa ya pili kwa ajili ya heshima. Akaiweka mashine ingoje muda wa glasi mbili.

Ikabaki kuiapisha. Mashine ikavishwa kofia ya utumishi, ikapigwa picha ya kitambulisho, mbele na ubavuni. Ilipofika kwenye kiapo ikagoma. Hakimu akarudia maneno pole pole, labda ni nzito ya kusikia. Kimya.

“Inadharau mahakama,” akasema hakimu.

“Iapiwe,” akaamua Waziri. “Bwana Vuai, weka mkono juu ya kifuniko uape kwa niaba yake. Ikikosa, umekosa wewe. Ikifungwa, unafungwa wewe, maana yenyewe haina miguu ya kutia pingu.”

Vuai akaweka mkono. Masikio yalikuwa yanasikia kifungo, lakini pua yake ilikuwa inanusa mchuzi. Akaapa.

*

Jioni ya kwanza ya mashine, Vuai alifika nyumbani ile nuru ya mwisho inafutika ukutani. Alipita mtaani kama mwizi. Mzee Fumu, jirani yake, alimsikia hatua akashituka.

“Nani huyo?”

“Mimi, Vuai.”

“Vuai! Umefukuzwa kazi?”

“Hapana, mzee. Kazi inajifanya yenyewe.”

“Haya,” akasema Mzee Fumu gizani. “Na mimi nina shamba, likianza kujilima lenyewe uniite.”

Ndani, Riziki alikuwa amepika wali wa nazi, pweza wa kupaka, na mchicha. Harufu ilikuwa imejaa chumba mpaka unaweza kuitundikia koti. Giza tele, taa haijawashwa, maana bado ni mchana. Wakakaa mkekani wakielekeana bila kuonana, katikati yao kawa, pembeni yao redio, na ndani ya redio Mtukufu.

“Goti hili la nani?” Riziki akauliza.

“Langu.”

“Limekonda.” Akacheka kidogo. Vuai alikuwa amesahau kicheko chake kinaanzia puani.

Mtukufu alikuwa anasema juu ya umuhimu wa vumbi katika ujenzi wa taifa. Akaingia kwenye mbolea, akatoka, akapitia ushirika. Kisha jambo la ajabu. Sauti yake ikapungua, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu. Akasema:

“Wananchi wangu…”

Akanyamaza.

Vuai akasubiri mbolea irudi. Haikurudi. Glasi moja ikapita. Huko redioni pumzi tu inasikika, kama ya mtu anayetaka kubeba gunia na hajajua alishike wapi. Glasi ya pili ikaanza. “Sema basi,” Vuai akanong'ona, jasho linamtoka. “Sema chochote. Sema mbolea!”

King'ora kikalia.

Nchi nzima ikaruka. Taa pap, pap, pap. Redio kata, kata, kata. Watoto wakapiga kelele, “Usikuuu!” Riziki akawasha taa, akafunua kawa, akafunua na chungu, na mvuke ukampiga Vuai usoni kama kofi la mpenzi.

“Ngoja, ndimu nimeisahau jikoni,” akasema, akainuka.

Vuai akanyoosha mkono azime redio kama wenzake, mkono ukakataa. Ufundi ni maradhi. Alitaka asikie mashine yake imeshusha nguvu sawasawa au la. Akapunguza tu sauti, akatega sikio. Na kwenye ile nguvu ndogo ya usiku, inayotosha mji tu, akamsikia Mtukufu.

“…nimechoka. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambieni, nimekosa, basi nasema hivyohivyo. Hii ni hotuba ya mwisho. Kiti nakiacha, mchagueni mwingine. Tangu niingie hapa sijala chakula cha moto. Nikitoka kusema kimepoa, mke wangu kalala. Kesho nakwenda nyumbani. Kama mmekubali, mniruhusu.”

Riziki akaingia na ndimu. “Bado anasema huyo?”

Tonge lilikuwa mkononi mwa Vuai.

“Anakohoa tu,” akasema, akazima. Akatia tonge mdomoni, likamuunguza ulimi.

“Aah,” akasema. “Moto.”

Riziki akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi.

*

Kesho yake asubuhi Mtukufu alitoka Ikulu amevaa kanzu na kandambili, mkononi ana mkoba mdogo. Akasimama barazani anangoja gari.

Waziri Mtondoo akamkimbilia. “Mtukufu anasafiri?”

“Naenda nyumbani. Si nilisema jana? Na nilipotoka chumba cha kusemea nikakuulizeni, mmesikia? Mkasema mmesikia. Nikauliza, mmekubali? Mkasema mmekubali kwa asilimia mia.”

Na kweli walisema. Walisema midomo imejaa sambusa, maana king'ora kilipolia wasaidizi wote walikuwa wamekimbilia mezani, wakamwacha Mtukufu kwenye chumba kisichoingiza sauti, anahutubia kiti na feni. Alipotokea mlangoni anauliza wamekubali, wangejibu nini?

Waziri akaelewa. Hakushitushwa na Mtukufu kuondoka. Alipiga hesabu nyingine kabisa. Kama Mtukufu alisema kitu baada ya king'ora, basi king'ora kililia akiwa anasema. Kama kililia akiwa anasema, basi ulikuwa mchana. Kama ulikuwa mchana, nchi nzima iliwasha taa mchana, ilizima redio mchana, na yeye Waziri wa Machweo alikula sambusa za usiku mchana kweupe. Gereza lilikuwa moja, na mpishi wa gereza naye alikuwa amekula.

Tume ya Kuchunguza Kama Jua Lilizama ikakaa mchana ule. Ilitafutwa nafsi moja iliyosikia redio baada ya king'ora. Watu walipanga foleni kuapa hawakusikia kitu. Mzee Fumu aliapa kwamba yeye ni kiziwi, na alipoulizwa jina lake akalitaja vizuri tu. Mwisho akaitwa aliyeiapia mashine.

Vuai aliingia amevaa koti la harusi yake. Riziki alimsindikiza, akaketi barazani, na mzigo pembeni. Ulikuwa mzigo wa gerezani, shuka, mswaki, na kawa juu yake, maana alisema kama mumewe anafungwa basi atampelekea chakula kila siku, na safari hii kitafika cha moto.

Mbele kakaa Waziri. Pembeni, kwenye kiti cha kawaida kabisa, amekaa Mtukufu na mkoba wake mapajani.

“Bwana Vuai,” Waziri akaanza, “king'ora kilipolia ulikuwa wapi?”

“Nyumbani, Mheshimiwa. Nakula na mke wangu.”

Mtukufu akainua macho.

“Swali ni jepesi,” Waziri akaendelea, na sauti yake ikawa laini kama mkono unaotafuta mfuko wa mtu. “Mtukufu alisema ‘Wananchi wangu,’ kisha mashine ikaona amemaliza. Je, alikuwa amemaliza? Fikiri kabla ya kujibu, ndugu yangu. Kama hakuwa amemaliza, mashine imemkata Mtukufu kauli, na mashine ni wewe. Utafungwa, na kisanduku kitatupwa baharini, na mpini utarudishwa kwa mwenye bahati mbaya mwingine. Tena nchi nzima itakuwa na hatia. Lakini kama alikuwa amemaliza, basi jua lilizama kihalali, mashine ni ya kusifiwa, na wewe utakuwa unakwenda nyumbani mapema kila siku. Hakuna anayekulazimisha. Sema ukweli unaofaa.”

Mtukufu alimtazama Vuai tu, na Vuai akaona kitu ambacho picha zote ukutani hazikuwahi kuonyesha. Yule alikuwa mzee. Mzee mwenye njaa, kandambili miguuni, mkoba kaushika kwa mikono miwili kama abiria anayeogopa kuachwa.

Neno moja tu lingemfikisha yule mzee nyumbani kwake. “Hakuwa.” Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, pale palipoungua.

Nje Riziki akakohoa. Akakohoa kikohozi chake cha kawaida tu, cha mtu anayengoja.

“Alikuwa amemaliza,” akasema Vuai. “Baada ya king'ora sikusikia kitu.”

Ukumbi ukalipuka. Watu walikumbatiana, hakimu akalia. Waziri Mtondoo akasimama, akasoma uamuzi ambao ulikuwa umeshapigwa chapa tangu asubuhi: Kwamba Mtukufu alimaliza. Kwamba jua lilizama kwa utii. Kwamba lolote lililosemwa baada ya kumaliza halikusemwa. Na kwamba wananchi, waliompa Mtukufu ruhusa ya asilimia mia kwa jambo wasilolijua, waendelee na moyo huohuo.

Mtukufu aliinuka. Alipopita karibu na Vuai akasimama, akainama kidogo, akauliza kwa sauti ambayo hata mashine isingeisikia:

“Kilikuwa cha moto?”

“Cha moto, Mtukufu.”

“Pweza?”

“Wa kupaka.”

“Vizuri,” akasema Mtukufu. “Vizuri sana.” Akamkabidhi mlinzi mkoba, akavua kandambili, akaletewa viatu.

*

Tangu hapo nchi ile imestawi, wanasema. Mashine ilipandishwa cheo, sasa ni Mkurugenzi, ina kofia mbili. Jirani walileta barua ya shukurani na kanda za taarabu. Kuku wanalala kwa wakati. Wala hotuba hazichelewi tena, maana kila jioni Mtukufu anasema kidogo habari za vumbi, kisha anafika mahali anasema, “Wananchi wangu…” na ananyamaza. Nchi nzima inashika kiberiti mkononi, inangoja. Glasi moja. Glasi mbili. King'ora. Taa zinawaka, redio zinazimwa, kata, kata, kata, na hakuna nchi inayompenda kiongozi wake kuliko ile inavyompenda kwenye kimya kile.

Kwa Vuai redio haizimwi. Inapunguzwa tu. Riziki amefunua chungu, mvuke unapanda, na kwa mbali, chini chini, kuna sauti ya mzee inaomba kitu, maneno yaleyale ya jana na juzi.

“Baba Jokha,” Riziki anauliza, anakamua ndimu, “kila siku unatega sikio hapo. Hivi huyo anasema nini?”

“Hasemi kitu,” anajibu Vuai. “Amemaliza.”

Anamega tonge, analipuliza, analipuliza tena. Analitia mdomoni, na kumbe limeshapoa.